Shoga, usingoje hita ife ndo ununue

Salma shoga yangu,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako nimeusoma usiku nikacheka peke yangu, eti hita yenu ya gesi ya kuchemshia maji siku hizi inakohoa mara tatu ndo iwake na ubavuni imeandikwa 2011. Mwenzangu, huyo ni mgonjwa mahututi, usimwekee matumaini. Nakuandikia kirefu manake kwenye simu utanikatiza, na haya mambo yamenigharimu dola elfu moja nzima kwa haraka zetu tu.

Ya kwetu ilikufa Juni mwaka huu, Jumanne asubuhi, huku Melbourne, Australia, nje baridi ya kukata masikio na watoto wanatakiwa shule. Nikachemsha birika la umeme, nikamimina kwenye ndoo, nikachemsha tena, nikachanganya, nikawaogesha kwa kopo mmoja mmoja kama niko uani kwetu Ngamiani, Tanga, yule mdogo ananiuliza mama leo tunacheza nini. Siku ya pili Baba Idrisa akapiga simu kwa kampuni ya kwanza aliyoiona, akaja kijana wa mauzo mdomo asali, akasema hiti pampu, yaani hita ya umeme inayochota joto hewani, bei yake 4,500, ukitoa vyeti vya serikali vya punguzo la kubana nishati inabaki 2,600, saini hapa na hapa na hapa. Tukasaini. Shoga, mtu ukishaoga ndoo siku mbili kwa baridi ile unasaini hata talaka.

Sasa sikiliza, hapa ndo penye pesa. Hivyo vyeti ni vya aina mbili, kuna vya serikali kuu na kuna vya jimbo letu la Victoria, na wewe huvishiki mkononi, kampuni inavichukua yenyewe kisha inakukatia kwenye bei. Sawa. Lakini kuna punguzo la tatu, la Solar Victoria, ofisi ya serikali ya jimbo, wanakulipia nusu ya kilichobaki hadi dola 1,000, na ikiwa mtambo umetengenezwa hapahapa Australia wanafika hadi 1,400. Wanaangalia kipato chenu cha nyumba nzima kisipite 210,000 kwa mwaka, na hita ya zamani iwe na miaka mitatu au zaidi, nyie mnapita. Sharti lake ni kwamba unaomba na kukubaliwa KABLA ya fundi kufunga, ukishafunga ndo imetoka hiyo. Yule kijana hakufungua mdomo wala sisi hatukuuliza, nimekuja kuambiwa na mama mmoja msikitini tanki lina wiki mbili ukutani. Tungelipa 1,600, tumelipa 2,600. Na juu yake 350 za fundi umeme manake ile ya gesi ilikuwa na plagi tu, hii ilitaka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, na hiyo haikuandikwa kwenye kwotesheni popote.

Kwa hiyo wewe ukiletewa bei waambie waandike mwishoni natoa shilingi ngapi mfukoni mwangu, pamoja na umeme, pamoja na kuing'oa na kuibeba ya zamani. Halafu wakikwambia ulipe kidogo kidogo bila riba, uliza na bei ya keshi. Sisi tulifurahia hilo neno bila riba, kumbe bei ya mkopo ilikuwa juu kwa 400 kuliko ya keshi, sa hiyo si riba imevaa kanzu? Baba Idrisa akaenda kuchota kwenye akiba ya Hija, mpaka leo hatujairudisha.

Umeniuliza inafanyaje kazi kwenye baridi. Weka mkono nyuma ya friji lako, si pana joto? Friji linatoa joto la ndani linalitupa nje. Hii ni friji lililogeuzwa, inachota joto kwenye hewa ya nje inalitia kwenye maji, na hewa hata ya baridi bado ina joto lake la kuchotwa. Umeme unakwenda kuendesha feni na kompresa tu, ndo maana kwa uniti moja ya umeme unapata joto la uniti tatu hivi, nzuri zaidi hata nne. Ila baridi ikizidi kazi inakuwa ngumu, na zile za bei ya kutupa nyingine zikishindwa zinawasha koili ya umeme ndani, hapo umerudi kwenye birika. Jirani yetu kafungiwa moja kwa dola mia chache, Julai yote bili yake inamtoa machozi. Uliza hewa ya nje ikiwa nyuzi 5 inafanya nini, usiulize ya nyuzi 20 wanayoiandika kwenye tangazo.

Tanki usikubali dogo. Ile ya gesi inachemsha unavyooga, hii ikiisha imeisha, unasubiri masaa. Sisi watu sita tumechukua lita 315, kijana alitaka kutupa 170. Na hata hiyo 315 siku wageni walipolala kwetu wifi yangu alitoka bafuni anatetemeka na povu kichwani.

Vingine haraka haraka. Inanguruma kama friji kubwa, msiiweke chini ya dirisha la jirani wala la kwenu mnapolala. Upande mmoja inapuliza hewa baridi, nguo hazikauki pale. Siku ya kwanza nikakuta kidimbwi cha maji chini nikapiga simu nalia nimeuziwa tanki bovu, fundi akacheka, ni unyevu wa hewa tu kama AC ya gari inavyodondosha, akaweka kamrija. Joto la tanki liache 60, Baba Idrisa alitaka kushusha abane umeme nikamkatalia, maji ya vuguvugu yakikaa yanafuga bakteria wa legionela, wale wa kuumiza mapafu, na bafuni kuna valvu inayoyapunguza hadi 50 hamtaungua. Na kwa vile mna sola, tega taima ifanye kazi saa nne asubuhi mpaka saa tisa, umeme wenu wa juu ya bati mnaouza hausaidii kitu siku hizi, bora uwe maji ya moto.

Gesi bado hatujakata, nina jiko langu, kwa hiyo kila siku tunalipa ada ya laini kwa ajili ya chapati. Usinicheke.

Akija mtu kukugongea mlango na hayo ya vyeti mfungie, Victoria walishapiga marufuku hiyo biashara ya mlango kwa mlango na ya simu tangu 2024. Na huko kwenu Geelong mafundi wote wanajaa kazi mwezi wa sita, wewe anza sa hizi wakati hiyo yenu bado inakohoa. Piga picha ile lebo, na ukuta ilipo, na boksi la umeme likiwa wazi, nitumie leo. Jumamosi nakuja na yule mama wa msikitini, yeye ndo anaijua fomu. Pika wali wa nazi, samaki naleta mimi.

Wako,
Mwanaidi