Kanisa likigeuka kambi: barua kwa mwinjilisti

Mwinjilisti mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Unauliza usharika ulio chini ya mlima ujipange vipi kabla ya masika kuwapokea watakaokimbia maporomoko, maana yaliyotokea Katesh, wilayani Hanang, asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 hayajawatoka watu moyoni. Mlima ulimeguka baada ya mvua kubwa, matope yakashuka na mawe na magogo hadi kwenye makazi, na watu zaidi ya 80 wakafariki.

Umesema akina mama wameshaanza kukusanya nguo. Waziache kwanza. Nguo zitakuja zenyewe, marobota kwa marobota, na kuzichambua kutawamaliza watu wako. Kinachokosekana siku hizo ni sufuria, ndoo zenye mfuniko, khanga, nguo za ndani mpya na taulo za kike.

Kazi ya kwanza ni daftari. Kila kaya ipate mstari wake: mkuu wa kaya, kitongoji alichotoka, idadi ya watu, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasio na wa kuwatunza. Wanaomeza dawa kila siku, za presha, kisukari au ARV, waandikwe pembeni, kwenye daftari la muuguzi ambalo halisomwi na mwingine. Mwenye wake wawili, kila mke na watoto wake ni kaya. Ukiandika jina la mume tu, mke mmoja atalala njaa na kamati isijue. Kisha mwenyekiti wa kitongoji aisome orodha hadharani (isipokuwa hiyo ya dawa, bila shaka), kwa kuwa majina hewa majirani huyatambua upesi kuliko kamati. Soma tena Matendo 6. Manung'uniko yalianzia kwenye mgao: wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Walitaka wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wapewe kazi hiyo.

Mgao wa kawaida kwa mtu kwa siku ni unga gramu 400, maharage 60, mafuta 25 na chumvi 5. Kaya ya watu watano kwa wiki hupata unga kilo 14, maharage kilo 2 na kidogo, mafuta karibu lita moja. Pimeni kwa mizani, si kwa kopo, maana kopo la shemeji hujazwa likafanya kichuguu. Viwango vibandikwe ukutani kabla ya kugawa. Lakini siku za mwanzo, watu wakiwa hawana chungu wala kuni kavu, pikeni pamoja. Ukimpa maharage makavu mtu asiye na moto, atayauza, na huna haki ya kumlaumu.

Jengo lenu ni dogo kuliko wazee wa kanisa wanavyodhani. Kipimo ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo kanisa la mita 20 kwa 10, mabenchi yote yakiwa nje, linalaza watu 57. Wengine waende shuleni au kwa ndugu, na walio kwa ndugu wabaki kwenye daftari. Choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni, baadaye kimoja kwa 20, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, vya wanawake viwe vingi na viwe na komeo ndani.

Maji, lita 15 kwa mtu kwa siku. Kosa la kila mahali ni kutia WaterGuard, dawa ya klorini ya kutibu maji, kwenye maji ya tope: uchafu unaila klorini, na watu wanaharisha huku wakiamini wamekunywa maji salama. Yaacheni yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo utie kidonge kimoja kwa lita 20 na kungoja dakika 30.

Mtoto aliyepotelewa na wazazi asichukuliwe na msamaria yeyote, hata akiwa mshirika mwenzenu, bila afisa ustawi wa jamii kuandika.

Mahubiri nayo yana hatari yake. Atatokea mtu aseme mlima umewaadhibu waovu. Msomeeni Luka 13, wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao Bwana alikataa kuwahesabu wakosaji kuliko wengine. Ibada iwe na saa yake na mgao saa yake, ili Mwislamu au asiye na dini apokee unga bila kupita kwenye sala kwanza.

Nitumie vipimo vya kanisa na idadi ya kaya zilizo kwenye mkondo wa korongo, tupige hesabu ya unga na vyoo kabla ya kikao chenu.

Wako katika Kristo.