Wamesema binti yangu si kufu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi tuliotoka Unguja kuja Oman tunalisema chumbani tu.

Babu yake baba alitoka Ibra, mji wa Oman, kwa jahazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 tukaambiwa sisi Waarabu, turudi kwetu. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani walio nje warejee, na mwaka 1974 tukarejea, mimi nina miaka tisa, baba analia kwa furaha. Siku ya kwanza skuli niliambiwa nisome kwa sauti, herufi ya Kiarabu "ain" ikanitoka "a" tupu, darasa zima likacheka. Mvulana aliyekaa nyuma yangu akashika ncha ya nywele zangu, akaivuta hadi ikanyooka, akaiachia ijikunje. "Khadim," akasema. Yaani mtumwa. Unguja nilikuwa Mwarabu. Kwetu nikawa Mzinjibari.

Hayo ya utoto nimeshayasamehe. Linaloniuma ni la mwaka jana, walipokuja wageni kumposa binti yangu. Kijana wamesoma pamoja na wanapendana. Kahawa ikamiminwa, halua ikakatwa. Shangazi yake kijana akaniuliza, kwa upole kabisa, mama yake bibi yangu alikuwa kabila gani. Nikasema kweli: Mnyasa, mtu wa bara, wa pande za Ziwa Nyasa. Akaweka kikombe chini hajakimaliza. Baada ya wiki ikaja simu kwamba hakuna nasibu. Neno lenyewe tulilisikia baadaye: si kufu, yaani hatulingani nao kwa ndoa.

Sheria ya Msingi ya Oman ya mwaka 1996 ilikataza raia kubaguliwa kwa asili, rangi au lugha. Sheria ya familia ya mwaka 1997 ikaitambua kufu kuwa haki ya mwanamke na walii wake, yule anayemwozesha. Kufu ya dini na tabia naielewa, hata mimi ningeiuliza. Ya damu siielewi. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na nani alimwambia si Mwarabu? Vipi suria wa ikulu asiharibu nasaba, na Mnyasa wetu aiharibu?

Na kosa letu pia lazima nilitaje. Nyumbani Unguja bibi yule hakuwa na jina. Alikuwa "yule mama wa shamba", basi. Wajomba zangu walizikataa posa za vijana weusi wa mtaani, wenye dini na adabu zao, kwa neno hilihili la kufu. Tulikuja nalo sandukuni, tukashangaa kulikuta limetutangulia. Mpaka leo wapo wazee wetu ambao wakisikia "khadim" wanawaka, kwa kuwa tumeitwa sisi. Akiitwa mwingine, wanaendelea na kahawa yao.

Binti yangu ameniambia akija mposaji mwingine, bibi yule atamtaja yeye mwenyewe, kahawa haijamiminwa. Nimemkubalia.

Mzinjibari,
Muscat