Barua ya wazi kwa Afisa wa Mifugo wa wilaya yetu: Popi hakuwa mbwa mzururaji

Mheshimiwa Afisa,

Salaam nyingi. Natumaini wewe na nyumba yako hamjambo, na ile ofisi mpya ya vioo mmeshaizoea.

Mimi ni yule mama fundi wa nguo wa karibu na stage ya boda. Nimekuja kwako mara nne. Mara ya mwisho katibu wako alinipa kiti akasema subiri kidogo, nikasubiri mpaka ikaadhiniwa laasiri, kumbe umeshatokea mlango wa nyuma. Hilo nimesamehe. Ninaandika hadharani kwa sababu ya Jumanne.

Jumanne alfajiri vijana wako walipita na ndoo ya nyama ya sumu, ati operesheni ya mbwa wazururaji. Popi alikuwa amefungwa. Narudia mheshimiwa, amefungwa, kamba ya manila, chini ya mwembe, ndani ya uzio wangu, na kadi yake ya chanjo ya kichaa iko kabatini mpaka sasa hivi. Mtu akarusha kipande juu ya uzio. Saa moja natoka na uji namkuta ameshakakamaa, povu mdomoni, na kabla sijamfikia mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, pikapu ishampakia Popi na wenzie kwenda shimoni.

Utasema huyu mama analilia mbwa. Ngoja kwanza.

Mwanangu alipokuwa na miaka sita alivimba taya. Tukadhani jino. Akang'olewa la kwanza, akang'olewa la pili, uvimbe ndo kwanza unazidi, ufizi umejaa, jicho linaanza kusukumwa juu. Tunafika Kampala tunaambiwa ni kansa ya Burkitt, na hapo ndo nikajua hilo jina limetoka hapahapa kwetu, Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye mataya kama la mwanangu akaandika habari zao 1958. Niliuza cherehani yangu kwa ajili ya nauli na chakula, ninayoshonea leo ni ya kukodi. Nililala miezi kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto, baba yake alikuja mara mbili basi. Dawa moja nimeishika jina kama jina la shemeji, vinkristini, nesi kila siku anatuonya isivuje nje ya mshipa itamuunguza. Mtoto alipona. Yuko sekondari, S.2, anacheza mpira, ananijibu vibaya kama wenzie.

Sasa mwaka huu, baada ya Pasaka, namtoa Popi kupe, vidole vinagusa chini ya taya. Upande huu tezi, upande ule tezi, ngumu, ukubwa wa limau, ukiminya hata hashtuki. Mikono iliniganda mheshimiwa. Mama aliyewahi kushika kitu kile hasahau kilivyo.

Nikampeleka kwa kijana wetu daktari wa mifugo, akapapasa mbele ya mabega akapapasa nyuma ya magoti, kote kumevimba, akasema anashuku limfoma, kansa ya tezi. Akaniambia hii siyo Burkitt yenyewe, ila ni za ukoo mmoja, na mbwa mwenye limfoma anatibiwa kwa dawa zilezile za watu. Akataja moja. Vinkristini! Nilicheka nikalia palepale kwenye benchi yake.

Huyo kijana ndo alinifungua macho. Panya wa maabara mara nyingi kansa anapandikizwa, lakini mbwa anaipata mwenyewe, ndani ya nyumba zetu, anakula posho yetu, ugali huuhuu, anavuta moshi wetu, na kinga ya mwili wake inapambana nayo kama ya kwetu. Tena kwake ugonjwa unakwenda mbio, dawa ikifanya kazi au ikikataa unajua mapema, hungoji miaka na miaka kama kwa mtu. Marekani taasisi yao ya taifa ya kansa ina programu ya kazi hii tangu 2003, wanachukua mbwa wa watu ambao tayari ni wagonjwa, mwenyewe akikubali, wanajaribu dawa mpya huku wanaandika kila kitu. Kule Colorado madaktari wa mifugo waliokuwa wanaokoa miguu ya mbwa wenye kansa ya mfupa, ujuzi wao uliwasaidia madaktari wa watoto ili mtoto naye asikatwe mguu. Mbwa kapata tiba, mtoto kapata mguu, nani kapata hasara hapo?

Niliposimama kuyasema haya kwenye baraza watu walicheka. Wewe hukucheka, haki yako nakupa. Ulisimama na kipaza sauti ukaahidi daftari, kila mbwa mwenye uvimbe wilayani ataandikwa, atakatwa sampuli, itapelekwa Kampala, na madaktari wa watu wataletewa nakala. Ulisema kabla ya Idd. Idd ipi sikuuliza, hilo kosa ni langu.

Mara ya tatu nilipokuja nikaambiwa hakuna mafuta ya pikipiki. Banange! Wakati wa kina Burkitt vipande vya uvimbe wa watoto wetu vilipanda ndege kutoka Uganda mpaka London, wanasayansi wa kule, wakina Epstein, wakakuta kirusi ndani yake, wakakitangaza 1964. Zaidi ya miaka 60 baadaye kichupa kimoja hakifiki barabara ya lami.

Na kuna jambo. Mtaani kwetu nimehesabu mbwa wanne wenye uvimbe, wote wa nyumba zinazopakana na dampo. Labda ni moshi wa plastiki. Labda ni mahindi yenye ukungu tunayowapikia, maana sumu ya ukungu ule inaharibu ini la mbwa na la mtu. Mimi nashona nguo tu, ndo maana nadai daftari. Sasa wawili kati ya hao wanne mmewaua Jumanne, na Popi mmoja wao, alikuwa akatwe sampuli Alhamisi.

Kichaa cha mbwa kinaua watu, sibishi. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema chanja mbwa 70 katika kila 100, ndo kinakatika. Popi alichanjwa. Mmemuua aliyechanjwa!

Basi mheshimiwa, sidai fidia, wala sidai mtu afukuzwe kazi, hata daftari lenyewe ukitaka nitanunua mimi la kurasa 96 hapo dukani. Kinyozi wa jirani yangu ana mbwa anaitwa Tiger, ana uvimbe uleule chini ya taya, tangu Jumanne analala naye chumbani kwa kuogopa vijana wako. Kichupa cha formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, kilichonunuliwa kwa ajili ya Popi kipo dirishani kwangu, hakijafunguliwa. Mafuta ya pikipiki nitatoa. Kinachokosekana ni sahihi yako kwenye ile fomu ya kusafirisha sampuli, na fomu iko kwa katibu wako tangu mwezi uliopita.

Nitakuja Alhamisi saa mbili asubuhi. Nitakaa mlango wa nyuma.

Wako mtiifu,
Mama fundi wa nguo, karibu na stage