Naomba umpigie mtoto kabla ya Jumamosi

Mwanangu,

Salama lakini? Huku wazima wote, Bi Mkubwa anakusalimia sana na anauliza lini unakuja kula ule ubwabwa maana kila mwaka unaahidi. Mvua zimeanza, barabara ya kwetu usiulize, bajaji zinaishia kule dukani kwa Mpemba halafu tunamalizia kwa miguu. Najua nimekaa kimya toka Idi, nisamehe kaka, lakini leo nimesema silali bila kukuandikia, kuna jambo limenikaa kooni na kati ya watu wote ninaowajua wewe ndiye uliyekuwepo.

Ni huyu mpwa wangu, wa dada. Ulivyokuja mara ya mwisho ulimuacha anatambaa, sasa hivi ana mita mbili, akiingia sebuleni kwetu anainamisha kichwa kama anaingia kwenye hema. Na anaujua mpira wa kikapu, sisemi kwa sababu ni damu yangu, Kapteni mwenyewe amesema na Kapteni unamjua hasifii mtu ovyo. Jumamosi ijayo kuna majaribio ya skolashipu, makocha wanatoka nje wanakuja kuangalia vijana. Mtoto alikuwa anaamka saa kumi na moja kila siku anaruka kamba uani mpaka kuku wanakimbia.

Basi wiki iliyopita kapita kijiweni na mpira wake mkononi, jamaa mmoja mtu mzima kabisa na watoto wake akamwambia mbele za watu, "Dogo hangaika weee, mwisho wa siku utaishia kama Thabeet." Watu wakacheka. Mtoto karudi nyumbani kimya, kavua raba kazifuta vizuri kaziweka juu ya kabati, na mpaka leo hajazishusha. Siku ya nne hii. Nimemuuliza mara mbili, ananijibu "hamna kitu anko". Ukiangalia juu ya kabati unaona soli tu.

Kaka, imeniuma. Imeniuma kwa ajili ya mtoto, halafu imeniuma kwa ajili ya Hasheem Thabeet mwenyewe pia. Utaishia kama Thabeet! Mtu aliyeanza kushika mpira wa kikapu ana miaka 15 hapahapa Dar, miaka saba baadaye anaitwa wa pili kwenye drafti yote ya NBA, pale ligi kuu ya Marekani inapochagua wachezaji wapya, mbele ya Harden, mbele ya Curry, hawa manyota, halafu mtu aliyekaa kwenye benchi la mbao anatumia jina lake kumtisha mtoto. Sisi tulikuwa macho msimu ule. Tuliuona, au wewe uliuona na mimi nikauona kupitia meseji zako.

Unakumbuka? UConn, timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut aliyokuwa anachezea Hasheem, 2008 kwenda 2009. Mwaka wa kabla yake walitolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo kule Tampa, na timu ya San Diego, pointi moja tu, 70-69 kwenye dakika za nyongeza, na A.J. Price kaumia goti mechi hiyohiyo. Hasheem angeweza kuondoka pale akachukue hela zake, wengi walimwambia aondoke, yeye akarudi chuo. Wakarudi wote, Price na goti lake, Jeff Adrien, Stanley Robinson, na kuna mtoto wa mwaka wa kwanza anaitwa Kemba Walker ambaye wakati ule hata hatukujua tunamuangalia nani. Kocha Jim Calhoun. Mpaka Februari wapo namba moja Marekani nzima.

Na ile mechi na Providence, pointi 15, rebaundi 11, bloku 10. Bloku kumi kaka! Kuna timu nzima zinamaliza wiki hazijafikisha. Msimu ule peke yake alizuia mitupo 152, na hiyo ni ile iliyohesabiwa, haujaweka ile ambayo mtu anafika chini ya ringi anamuona kasimama pale anageuza anarudisha mpira nje. Wewe ndiye uliyenieleza hiyo, kwamba mabeki wa UConn walikuwa wanamkaba mtu kwa mbele bila hofu kwa sababu hata akiwapita anaenda kukutana na mbuyu.

Mimi naomba umwambie mtoto kitu hikihiki, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea kumuhukumu kwamba NBA hakung'ara. Chuoni sheria inakuruhusu kusimama chini ya ringi yako muda unaotaka kulinda goli. NBA hairuhusu, zikizidi sekunde tatu bila kuwa unamkaba mtu ni kosa. Sasa mtu umejenga kazi yako yote kwenye kusimama pale, una miaka michache tu kwenye mchezo wenyewe, unafika Memphis, timu iliyomchukua NBA, unaambiwa toka hapo, kimbizana na watu nje. Ilikuwa ngumu, ndiyo, wakamshusha mpaka ligi ndogo mwaka wake wa kwanza, hilo silifichi na wala mtoto asifichwe. Lakini mtu hakai miaka mitatu UConn kwa bahati. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwamba ile miaka mitatu imefutwa kabisa kwenye midomo ya watu.

Halafu mechi ya Pittsburgh. Wewe ulikuwa ndani ya ukumbi pale Hartford, mimi sikuwepo, ndiyo maana nataka asikie kwako. DeJuan Blair wao alivyomnasa mkono akamrusha mgongoni kama gunia la mkaa, Hasheem na urefu wake wote kabwagwa chini. Siku ile ulinipigia kwa ile kadi ya kukwangua, sauti inakwenda inarudi, ukaniambia watu wote wamenyamaza. Blair akaondoka na pointi 22 na rebaundi 23, UConn wakalala 76-68, na siku chache tu kabla walikuwa wameshampoteza Jerome Dyson, goti, msimu umeisha. Ndani ya wiki moja mambo yote mawili. Nilidhani basi tena. Lakini kijana kainuka, akamaliza msimu, na wakati wa tuzo Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, ikampa uchezaji bora yeye pamoja na huyohuyo Blair aliyemrusha. Hapo mtoto apasikilize vizuri, nakuomba usiparuke.

Na mechi ya Syracuse sasa. Ewe Mola. Hii dada mwenyewe ni shahidi, nimemkumbusha juzi akacheka mpaka machozi. Alikuwa na mimba kubwa ya huyuhuyu mtoto, hapati usingizi, anakula udongo wa pemba usiku kucha. Mimi nimekaa koridoni sakafuni na ile Nokia ya tochi, saa kumi na nusu alfajiri, meseji zako zinaingia. Ikaadhiniwa, nikaswali nikarudi. Dakika za nyongeza, za kwanza. Za pili. Za tatu. Dada kaja kakaa pembeni yangu miguu kanyoosha, kila simu ikilia anauliza "bado tu hawajamaliza?" Za nne. Kumekucha, jirani anafagia uwanja. Za tano, ukaniandikia 110 kwa 110, kwa herufi kubwa zote. Bi Mkubwa kaweka kikaango cha vitumbua jikoni, chaji imebaki kijiti kimoja. Za sita! Na muda wote huo, ovataimu tano nzima, Syracuse hawakuwahi kuongoza hata mara moja, wanasawazisha tu, mpaka ile ya sita ndiyo wakatangulia wakaenda moja kwa moja, 127-117. Yule Jonny Flynn wao kacheza dakika 67. Saa mbili na dakika ishirini asubuhi simu ikalia ya mwisho, umeandika neno moja, "Imeisha." Dada akasema masikini, akaenda kulala. Nilichelewa kazini na sikujutia.

Mtoto alikuwa tumboni palepale kaka, kwenye lile koridoni! Na leo mtu anamwambia asifanane na wale watu.

Baada ya pale si unajua, mashindano ya taifa ya vyuo, tukawapiga Chattanooga 103-47 na kocha mwenyewe yuko hospitali, Texas A&M, Purdue, halafu Missouri ambapo Kemba alitupia 23. Nusu fainali Detroit, uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani, watu zaidi ya 72,000, na karibu wote wa Michigan State kwa sababu ni mkoa wao. Tukafungwa 82-73. Huku ilikuwa saa saba usiku ilipoanza. Walimaliza na ushindi 31 na vipigo vitano tu. Siku ile sikukujibu meseji, nilikuwa siwezi, nadhani mpaka leo sijawahi kukuambia kwa nini. Nilitaka sana mtu wa kwetu akate nyavu zile, kama mabingwa wanavyofanya. Niliona kama ni ndugu yangu kapoteza.

Basi ombi langu. Mpigie. Mimi akinisikia anaona anko anafariji tu, wewe ulikaa kwenye kile kiti Hartford ukamuona kwa macho anaanguka na anainuka. Usimpe hotuba, msimulie tu kama ulivyokuwa unanisimulia mimi, pole pole, na zile kelele zako. Ukipiga huku saa mbili usiku anakuwa ameshakula, kwenu bado mchana. Usimwambie nimekuomba, mwambie umemkumbuka.

Na raba sitazigusa, nimemkataza hata dada asizishushe. Nataka azishushe mwenyewe.

Vipi wewe, mgongo umepona? Shemeji yule kazi mpya kaanza? Ile tiketi ya Pittsburgh bado unayo au ilipotea mlipohama, na kama ipo unaweza kuipiga picha ukanitumia? Mechi zile zinapatikana mtandaoni nzimanzima au vipande tu, maana nataka nimuwekee ya Syracuse na bando langu haliruhusu kutafutatafuta? Bado unaenda kuwaangalia UConn? Na Desemba unakuja kweli au nimwambie Bi Mkubwa aache kununua mchele?

Nijibu hata usiku, simu sizimi.

Ndugu yako wa koridoni