Kuhusu swali lako la kuacha konsaltansi

Dar, Jumapili usiku

Shosti wangu Mama Mapacha,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa kwenye daladala sikusikia vizuri, afu nikairudia nyumbani watoto wameshalala, nikaona hii haijibiki kwa voisi, ngoja nikae niandike. Umeuliza mambo mawili, kama najuta kuacha konsaltansi, ile kazi yetu ya kushauri makampuni, na kuja huku kiwandani, na kama na wewe uache. Sijuti. Hilo la pili ndo refu kidogo.

Tuanze na hela maana najua ndo inakunyima usingizi, na ada za mapacha zinakuja mbili mbili. Mshahara umeshuka ndio, ila kilichoniuma sio mshahara, ni posho. Siku 5 Dodoma, warsha Mwanza, wiki nzima Mtwara, ile hela tulikuwa tunaiona ya pembeni kumbe ndo ilinunua tofali zangu za Kinyerezi, mshahara wenyewe ulikuwa unaishia kwenye kodi na mkopo. Huku kiwandani hamna posho ya safari kwa sababu hamna safari. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote chukua karatasi, andika posho zako zote za mwaka uliopita, ziondoe, afu muangalie na baba mapacha kama kinachobaki mnaweza kuishi nacho. Mi hesabu hiyo niliifanya mwezi wa tatu nikiwa nimeshahamia huku na nililia chumbani peke yangu, sitaki yakukute hayo.

Na usome mkataba wako vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu wa mshahara wa mwezi notisi isipungue siku 28, ila mkataba unaweza kuweka zaidi, wangu ulikuwa miezi mitatu na nilikuwa nimesahau kabisa, huku wananisubiri kule wananidai ripoti.

Najua watu wanasema nilikimbia njaa, kwamba Marekani walivyosimamisha misaada Januari 2025, ile iliyokuwa inalipia baadhi ya kazi zetu, ndo nikaona nitoke mapema. Kweli ile ilituumiza, na wewe ulikuwepo uliona watu wanavyofunga mafaili kwenye maboksi. Lakini mi nilikuwa nimeshaanza kuchoka na kitu kingine ambacho hata jina sikuwa nakijua, na nimekuja kukielewa huku huku kiwandani, kwa sababu ya vifuniko vya chupa. Ngoja nikusimulie.

Unajua tunafunga mafuta ya kula. Mwezi wangu wa pili pale yakaanza kurudi maboksi kutoka madukani, yamelowa chini. Nikaenda mwenyewe Manzese na dereva wa usambazaji, nikamkuta mama mmoja dukani kwake ana kitambaa, anafuta chupa moja moja kabla ya kuipanga kwenye shelfu, kile kitambaa kimekuwa kizito kwa mafuta, akaniambia dada mi mteja akishika chupa inateleza mkononi hanunui, anachukua ya wenzenu. Hakunigombeza wala nini, aliendelea kufuta tu. Mi nikasimama pale sina la kusema.

Nilivyorudi nikafanya tulivyozoea, nikafungua eksel, nikaomba data ya miezi sita. Hamna data. Ila mzee wa stoo ana kaunta buku lake, ameandika kila boksi lililorudi, tarehe, duka, na chupa ngapi zilivuja humo ndani. Nimekaa nalo mchana mzima. Karibu kila boksi la chupa 12, zilizovuja ni moja au mbili. Haizidi, haipungui. Nikampelekea fundi wa shifti ya usiku, tunamwita Mjomba, akaliangalia kama dakika moja hivi akasema madam, mashine ina vichwa 8 vya kufunga, kimoja ndo mgonjwa. Nikajiuliza amejuaje, afu nikahesabu kwa vidole nikaona, kama kila chupa ya nane ni mbovu basi kwenye 12 lazima upate moja au mbili! Akatandaza maboksi chini, akazilaza chupa 40 kichwa chini kwa mpangilio zilivyotoka kwenye mashine, akasema twende nyumbani. Asubuhi saa moja kulikuwa na madoa matano ya mafuta kwenye maboksi, yameachana sawasawa.

Kichwa namba 5. Ule mpira wa ndani unaoshika kifuniko ulikuwa umelika zamani, na vijana wa usiku walikuwa wameuziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kikiwa kikavu kinakaza, kikipata mafuta kinateleza. Kampira kenyewe kanaingia kiganjani, na bei yake ndogo mno ukilinganisha na mafuta tuliyokuwa tunayarudisha. Nikauliza kwa nini hamkubadilisha, wakasema spea stoo hamna, na ukiagiza inachukua wiki kadhaa. Kwa nini hamna? Mzee wa stoo akaniambia taratibu kabisa, walikuja wataalamu miaka miwili iliyopita, wakasema spea nyingi ni hela imelala, tupunguze.

Shosti, hiyo sentensi nimeiandika mimi. Sio kwenye kiwanda hiki, ni kile cha Tanga, unakikumbuka, ile kazi tuliyokesha siku tatu tukibadilisha rangi za slaidi. Hela imelala stoo, punguzeni spea, na grafu yangu nzuri inashuka kulia. Walitupigia makofi, tukapanda gari tukarudi Dar, kazi ikalipwa, na mimi sijawahi hata siku moja kuuliza kule baada ya hapo mashine ngapi zilisimama.

Jioni ile nikatafuta namba ya yule kaka wa matengenezo wa kule nikampigia. Alifurahi kunisikia. Nikamuuliza, akanyamaza kidogo, akasema tuliufuata ushauri wenu miezi minne dada, afu tukarudi kwenye utaratibu wetu, hatukutaka kuwasumbua. Hatukutaka kuwasumbua! Yaani walituheshimu kiasi hicho, wakaumia kimya kimya, na sisi tukaendelea kuionyesha ile kazi kwa wateja wengine kama mfano mzuri. Nimeshindwa kuitoa hiyo kichwani mpaka leo.

Sisemi ushauri wote ni bure, we unajua nilivyokuwa naipenda ile kazi, na spea zingine kweli zilikuwa zimeota kutu pale. Ila mi ndo kitu nilichokuwa nakikosa, kubaki. Kuwepo mpaka ule mwezi wa nne baada ya ushauri. Sasa hivi nikikosea, Mjomba ananiambia kesho yake asubuhi mbele ya watu, na inauma, lakini najua. Kale kampira sasa tunaweka sita stoo, na maboksi ya kurudi kwa kuvuja tangu tubadilishe ni mawili tu, nimemuuliza mzee wa stoo Ijumaa akafungua kaunta buku akanionyesha.

Kuna mazito pia, nisikufiche. Umeme ukikatika saa nane usiku simu inalia yangu. Jumamosi nusu siku ni kazi. Kuna mameneja wawili watatu wanaona mwanamke wa ofisini kaletwa kuwafundisha, ilichukua muda. Na mambo yanaenda taratibu mno, kule ulikuwa unamaliza kazi kwa wiki sita, huku wiki sita unasubiri mtu mmoja asaini. Ukiwa mtu wa kuchoka na hicho basi utateseka.

Na kama unachotaka hasa ni kupumzika, naomba kwanza uchukue likizo yako, ni siku 28 kisheria na we sijawahi kukuona ukizimaliza. Ulale, uwapeleke mapacha kwa bibi yao, afu ndo uamue. Lile wazo lako la kujitegemea, ufanye konsaltansi peke yako, mi siliwezi ila wewe una wateja wanaokupenda, ila ujue mteja anakata kodi ya zuio 5% kabla hata hela haijakufikia, na hiyo hela yenyewe unaweza kuisubiri miezi mitatu, na ada ya shule haisubiri.

Njoo Jumamosi. Niko mpaka saa saba mchana, kutoka Tazara panda bajaji mwambie Vingunguti kwenye viwanda, afu unipigie nije getini. Nataka uione ile mashine na uongee na Mjomba mwenyewe, mi nitakaa pembeni. Vaa viatu vya kufunika vidole maana na sandozi mlinzi hakuingizi hata kama ni mgeni wangu. Tukitoka tutakula chips mayai pale nje tuongee vizuri.

Wasalimie mapacha na baba yao.

Mimi wako,
Mama Junior