Soketi ikivunjika, tusiuziwe sensa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowatoa wenye magari fedha bila sababu, ambalo mimi, nikiwa fundi umeme wa magari hapa Ngamiani, Tanga, nakutana nalo mara kwa mara. Gari linaletwa taa ya injini ikiwaka, linakula mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, na mwenyewe ameshanunua sensa mpya ya joto la maji, yaani kifaa kinachoijulisha kompyuta ya gari joto la maji ya injini, wengine hata ya pili, lakini taa haizimi. Ukifungua boneti unakuta sensa ni nzima kabisa. Kilichovunjika ni kilimi cha plastiki kinachoshikilia soketi, yaani kichwa kinachounganisha nyaya na sensa, na soketi yenyewe inacheza kama jino la mtoto.

Sensa hiyo hufanya kazi kwa ukinzani, yaani namna inavyouzuia umeme kupita: maji yakiwa baridi ukinzani huwa mkubwa, yakipata moto hushuka. Katika magari mengi ya Kijapani, joto likiwa nyuzi 20 mita ya umeme husoma kati ya omu 2,000 na 3,000, na likifika nyuzi 80 husoma omu 300 hivi. Sasa kutu ya kijani, ambayo hewa yetu ya chumvi haikawii kuileta kwenye pini ambazo ringi yake ya mpira imepotea, huongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa, na kompyuta ya gari, ambayo haina namna ya kuutofautisha, huamini kwamba maji bado ni ya baridi na kuongeza petroli. Soketi ikichomoka kabisa, kompyuta husoma baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Lushoto haijawahi kuiona, na magari mengi hapo huwasha feni mfululizo kwa tahadhari. Mwenye gari huambiwa kwamba sasa na feni imeharibika.

Kuvunjika kwa kilimi si ajabu, kwa kuwa plastiki iliyokaa miaka mingi kwenye joto la injini hukauka, na anayevuta waya badala ya kubonyeza kilimi humalizia kazi. Ninachokilalamikia ni tiba zinazofuata. Wako wanaoikata soketi na kuzisokota nyaya moja kwa moja kwenye pini kisha wakazungushia tepu, ambayo gundi yake huyeyuka kwa joto na oili. Wako wanaojaza silikoni yenye harufu ya siki, bila kujua kwamba asidi yake inakula shaba. Wengine hutoboa ganda la waya kwa ncha ya taa ya kupimia, na tundu hilo dogo ndilo unyevu unapopitia; licha ya hayo, taa ya balbu haifai kwenye nyaya za volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta. Hapo hutumika mita.

Matengenezo ya kweli si magumu. Ikiwa pini ni safi na kilimi tu ndicho kimekatika, tai ya plastiki iliyofungwa vizuri inatosha kwa muda. Ikiwa pini zimeliwa, fundi achomoe waya hasi wa betri, atafute soketi ya aina ileile yenye kipande cha waya, akate kila waya kwa urefu tofauti ili viungo visikutane, aunge kwa risasi na kuvika kila kiungo mrija wa plastiki unaojibana ukipashwa moto. Kwenye sensa za nyaya tatu, zenye moto, hasi na ishara, asifuate rangi, kwa sababu soketi iliyotoka gari jingine inaweza kuwa na rangi tofauti. Afuate nafasi ya kila waya ndani ya soketi.

Ombi langu ni kwa wauzaji wa spea zilizotumika. Mnapofungua injini, msizikate nyaya shingoni mwa soketi, kwani soketi isiyo na waya haitusaidii. Acheni angalau shubiri moja, na mkubali kuiuza peke yake bila kumlazimisha mteja achukue na sensa. Wenye magari nao, kabla ya kutoa fedha, wamtake fundi awaoneshe pini za soketi na namba iliyosomwa kwenye mita.

Fundi umeme wa magari,
Ngamiani, Tanga.