Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wenye Gereji na Karakana, Malindi

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe. Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha mwaka mwingine. Tumewazika wenzetu wawili, tumechangia harusi na matanga, vijana wamefundishwa kuchomelea, na leseni za kaunti zimelipwa. Hayo mnayajua. Kwa upande wa hesabu, tuliingiza shilingi 412,000 na kutumia 588,000. Ile tofauti ya 176,000 imetoka kwenye akiba, ambayo sasa imebaki 54,000. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, na anayetaka kuziona aje azitazame.

Sasa nakuja kwenye jambo lililotugawa, yaani akiba tuliyoweka ya kununulia kiwanja.

Imesemwa mitaani kwamba mwenyekiti amekula kiwanja. Nimeyasikia sokoni, na watoto wangu wameyasikia shuleni. Fedha hazikuliwa. Ziko nyuma ya uwanja wetu, zimejengwa kwa mawe na saruji ili kuizuia oili chafu isitoroke, na kila mwenye macho anaziona. Mkutano wa kuamua niliuitisha, akidi haikutimia. Nikauitisha tena, haikutimia. Katiba yetu inairuhusu kamati kutumia akiba panapokuwa na dharura, na mimi nikaona vuli inakaribia na mapipa ya oili chafu bado yamekaa chini.

Kumbukeni mvua za El Nino za mwisho wa 2023. Maji yalipoingia uwanjani yaliyakuta mapipa ya oili chafu, mengine nusu, mengine robo. Pipa lisilojaa huelea. Yakanyanyuka, yakapinduka, oili ikashuka na mtaro mpaka pwani. Wavuvi walitujia na nyavu zimenata weusi, wakazibwaga mlangoni mwa ofisi yetu. Aliyetoka kuwapokea na kuwaomba radhi kwa niaba yenu ni mimi.

Kuna waliosema yale yalikuwa ya mara moja. Kule Omachi, Japani, kiwanda cha vyuma kilimwaga mafuta kwa mafuriko mwaka 1990. Mwaka 2019 mafuriko yakarudi, mafuta yakatoka tena na kutapakaa kwenye nyumba na mashamba ya watu. Wengine wakasema chombo kizito hakiwezi kunyanyuliwa na maji. Huko Meraux, Louisiana, kimbunga Katrina cha 2005 kilipoleta mafuriko, maji yalilisogeza tangi zima la kiwanda cha kusafisha mafuta, kwa sababu halikuwa limejaa. Mapipa zaidi ya 25,000 ya mafuta yalimwagika na nyumba zaidi ya 1,500 zikachafuliwa. Kama tangi la ukubwa ule lilisogea, pipa letu ni nini?

Na wale wanaosema bahari imeshachafuliwa na matope ya mto Sabaki, kwamba oili yetu haiongezi kitu, nawajibu hivi. Matope huzama. Oili hukaa juu, na maji yakipwa huachwa imelala juu ya miamba na mchanga ule ule tunaotembelea sote. Tuna hifadhi ya bahari hapa tangu 1968, watu wengi wanakula kwa ajili yake. Tena sheria ya mazingira ya 1999 inamtaka mchafuzi agharimie usafishaji. Siku tungeshikwa, hata kiwanja tungekuwa nacho kingeuzwa.

Kazi iliyofanyika ni hii. Mapipa yamepandishwa kwenye jukwaa la zege, yamefungwa mnyororo, na kuzungushiwa ukuta unaoweza kushika pipa kubwa kuliko yote likimwagika lote, na asilimia 10 juu yake. Ukuta una koki ya kutolea maji ya mvua. Koki hiyo ikae imefungwa, ifunguliwe tu baada ya mtu kutazama na kuona maji hayana oili. Nimeikuta wazi usiku, na aliyeifungua anajijua.

Tumechimba pia shimo la kutenganisha oili na maji, nalo lina vyumba vitatu. Cha kwanza mchanga unatua. Cha pili oili inapanda juu, na paipu ya kutokea imekunjwa kuelekea chini, ili kinachovuka kwenda cha tatu kiwe ni maji ya chini peke yake. Fundi alitaka kuiweka paipu juu, kama ya tangi la nyumbani. Nilimsimamisha mwenyewe, kwani ingekaa pale juu oili yote ingepita.

Lakini shimo peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi hawakunielewa. Mvua kubwa ikiingia kwa nguvu huikokota oili iliyokwisha kukusanyika na kuitoa nje. Ndiyo maana fedha nyingi zilikwenda kwenye mabati na mifereji. Maji ya paa sasa yana njia yake hadi mtaroni, hayagusi sakafu ya gereji. Shimo linapokea ya sakafu tu. Masika ya mwaka huu maji yalitufika vifundoni na hakuna pipa lililotikisika.

Wenzetu wa kuosha magari wamenikasirikia kwa kuhamishwa. Sabuni huivunja oili ikawa vitone vidogo sana visivyopanda juu, vikapita na maji. Hatuwezi kujenga shimo kisha tukaliua kwa povu. Nawaomba waikubali sehemu mpya.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Tuko wanachama 64. Siku ya kuchimba walikuja 11, na wawili kati yao ni wazee ambao hawakupaswa kushika sururu. Malimbikizo ya ada yamefika 97,000, na wanaodaiwa zaidi ndio waliopiga kelele zaidi kuhusu kiwanja. Ada ni shilingi 300 kwa mwezi. Zikilipwa hizo 97,000, zaidi ya nusu ya kilichotoka kwenye akiba inarudi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuzungumza na kaunti kuhusu kalivati iliyoziba, na kutafuta mnunuzi wa oili chafu wa kuaminika, isiendelee kugawiwa ovyo kwa kupaka boriti. Kiwanja nacho hatujakisahau. Kwa sasa naomba zamu ya kuondoa oili shimoni ijazwe majina leo, kabla hatujatawanyika, maana mpaka sasa jina lililoandikwa ni langu peke yangu.

Mwenyekiti